Mabati Yalitangulia Nyumba

Nilifika Kasongo nikitoka machimbo ya Lusangi na pikipiki iliyokuwa ikikohoa kila kilima, begi moja, na dhahabu kidogo iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Nilikuwa nimepanga kulala siku mbili tu kwa shangazi yetu, kisha niendelee hadi Nyangwe. Mtu mmoja machimboni alikuwa amenieleza jinsi wavuvi wa Nyangwe wanavyofungua gogo kwa moto ili mtumbwi upanuke bila kupasuka, na tangu aliponieleza nilikuwa silali vizuri. Nilitaka kuona kwa macho.

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaishi kwa shangazi huyo. Alikuwa anamaliza mwaka wa pili chuoni, upande wa kilimo, na alilala sebuleni na wasichana wengine watatu, wote wa Kabambare kama sisi, wote wanafunzi. Vitabu vyao vilikaa juu ya gunia la mpunga. Shangazi akipata wageni, wasichana walitoka na vitabu vyao na kwenda kusoma chini ya upenu wa jirani, na wageni wa shangazi hawakuwa watu wa kuondoka haraka.

Asubuhi ya kwanza mdogo wangu alinikuta natengeneza plagi ya pikipiki.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, wa kiume na wa kike, "wewe umezunguka. Umeona watu wanajenga. Nyumba ya vyumba vinne inaomba tofali ngapi?"

"Nyumba ya nani?"

"Yangu."

Nilicheka mpaka shangazi akachungulia dirishani.

"Yako? Wewe mutu wa kulala chini ya meza?"

"Ndiyo juu ya ile ninauliza," akasema. Hakucheka.

Ndipo akanieleza. Mjomba wetu wa Kabambare, aliyekuwa akimlipia chuo kwa mpunga na mbuzi zake, alikuwa amempigia simu. Hakuwa na hasira. Alisema amembeba miaka miwili, na sasa mtoto wake mwenyewe amemaliza sekondari, zamu imefika. Kama binti anaweza kujisimamia mwaka wa tatu, mjomba atafurahi. Kama hawezi, arudi nyumbani. Na kurudi bila mwaka wa tatu ni kurudi na shati lenye mkono mmoja: hakuna anayekuajiri kwa miaka miwili ya chuo.

Chuo kilikuwa kinafungwa baada ya wiki chache, na kingefunguliwa tena baada ya miezi mitatu hivi. Huo ndio uliokuwa muda wake.

Alifungua daftari. Alikuwa amechora vyumba vinne kwa mstari, baraza mbele, jiko nyuma, choo mbali kidogo. Kimoja chake, vitatu vya kupangisha kwa wanafunzi wa Kabambare, wawili wawili, kodi yao imlipie mwaka wa tatu. Alikuwa amezunguka mji mzima akiuliza kila mwanafunzi wa kwetu analala wapi. Mmoja alikuwa analala kwenye duka la mchele na panya. Wawili walilala kanisani, na kila Jumapili walitakiwa kukunja mikeka kabla kwaya haijafika.

"Feza iko wapi?" nikauliza.

"Kidogo iko. Ninauzaka yuniti za simu kwenye mulango wa chuo." Akanitazama mfukoni, hasa mfukoni. "Na wewe ulitoka Lusangi."

Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, na sijawahi kujuta sana, kwa sababu njiani kuna mengi ya kujifunza. Lakini nilipoliangalia lile daftari niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona Lusangi wala Kabambare: mtu aliyejua anachotaka hadi upana wa dirisha. Nikatoa kile kipande cha nailoni. Nyangwe itangoja wiki mbili, nikasema moyoni.

*

Kiwanja tulikipata ukingoni mwa mtaa, pale barabara inapoteremka kwenda bondeni kwenye udongo mzuri wa tofali. Mwenyewe alikuwa mzee aliyekuwa anahamia Kindu kwa watoto wake. Nyumba yake ya zamani ilikuwa imebaki kifusi tu, na nyuma yake ilisimama michikichi mitatu mirefu.

Nilimuuliza mzee yule kila kitu. Maji ya mvua yanapita wapi? Kisima kina kina gani? Jirani wa kushoto anapiga ngoma? Mpaka huu wa majani ya kupanda ni wa zamani au umesogezwa? Kwa nini anauza? Nilichimba udongo, nikauonja.

"Unauliza kama polisi," mzee akasema.

"Polisi haonjaki udongo, baba," mdogo wangu akamjibu.

Shefu wa mtaa alikuja na muhuri wake ndani ya mfuko wa plastiki. Tulitembea naye mpakani, pembe kwa pembe, majirani wakishuhudia. Tuliandika karatasi, tukaweka vidole, tukachinja mbuzi mdogo, watu wakala, kila mmoja akaridhika. Mdogo wangu aliipiga karatasi picha kwa simu akamtumia mjomba. Mjomba akajibu neno moja: "Tutaona."

Tofali nilizijua. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo miezi minne nikiwa kijana, kwa sababu tu nilitaka kujua kwa nini tofali nyingine zinalia zikigongwa na nyingine zinanyamaza. Tulikanyaga udongo bondeni, mimi na mdogo wangu na wale wenzake watatu wa sebuleni, ambao kila mmoja alikuwa ameshachagua upande wake wa chumba. Waliimba nyimbo za kwaya huku matope yamewafika magotini, na wapita njia waliacha safari zao kuja kutoa ushauri. Hakuna kazi inayopata washauri wengi kama tofali. Tulipanga tanuru, tukalichoma, likapoa, tukalifungua. Tofali zilitoka nyekundu, na nilipogonga mbili pamoja zililia vizuri.

Baada ya hapo feza ikabaki ya fundi tu, na paa bado.

*

Wazo la mabati lilikuwa lake. Miji yetu ina desturi ya garanti: mpangaji, kabla hajaingia chumbani, anamwekea mwenye nyumba amana ya miezi kadhaa, mbali na kodi yenyewe. Mdogo wangu alijua kwamba hakuna mzazi atakayetoa garanti kwa nyumba isiyokuwepo. Lakini mabati? Mabati ni mali. Mzazi anayaona, anayagusa. Nyumba isiposimama, anayachukua na kwenda zake. Kabambare mabati hayakosekani, wafanyabiashara wanayaleta kutoka upande wa ziwa. Basi kila mzazi atoe mabati ya kufunika chumba cha mtoto wake, na hiyo ndiyo garanti.

"Nani alikufundisha hii?" nikamuuliza.

"Njaa," akasema.

Tulipanda pikipiki wote wawili hadi Kabambare. Barabara ile haihitaji maelezo kwa aliyeipita, na asiyeipita hataamini. Mara nyingi mdogo wangu alishuka akatembea, na mara chache alinisubiri.

Mzazi wa kwanza alikuwa baba wa mmoja wa wale wasichana, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha dukani, akatupa vigoda.

"Nyumba iko wapi?" akauliza.

"Kasongo, baba," mdogo wangu akasema.

"Nilipita Kasongo juzi. Iko upande gani?"

"Kuta hazijapanda bado."

"Basi iko wapi?"

Mdogo wangu akageuza daftari, akaliweka juu ya meza ya duka. "Iko hapa."

Mzee alilishika daftari mbali na macho, akaligeuza, akaligeuza tena. Tulingoja. Mteja aliingia kununua sabuni, naye akasimama nyuma yake kuangalia.

"Mulango iko mudogo," baba yule akasema hatimaye. "Mimi mutu munene. Siku nikikuja kuangalia mutoto wangu, nitaingia namna gani?"

"Kweli," mteja akasema. "Ataingia kwa ubavu."

Mdogo wangu alitoa raba mfukoni, akafuta mlango, akauchora upya mbele yao, mpana zaidi. Mzee akaangalia, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaingia nyuma ya duka. Alirudi na mabati na kopo la rangi nyekundu. Kwenye kila bati alipiga alama yake kwa brashi, polepole, kama mtu anayeandika jina la mtoto.

"Sikiliza, binti," akasema. "Siku chuo kinafunguliwa, mutoto wangu asipolala chini ya haya mabati, ninakuja kuyachukua. Hata kama yamekwisha kupigwa misumari. Nitakuja na kamba yangu."

"Sawa, baba."

"Na wewe," akaniambia mimi, "wewe ndiye ulikuwa unaulizaka dereva wangu namna gani anafunga mizigo?"

Nilikuwa mimi, miaka mitano nyuma. Watu wa Kabambare hawasahau.

Wazazi wengine waliposikia kwamba mtu wa chumvi ametoa, wakatoa nao. Nilisafirisha mabati yale kwa safari nne, yamekunjwa kama mkeka na kufungwa nyuma ya kiti, na upepo wa kilimani ulitaka kunirusha mimi na pikipiki na garanti za watu. Tuliyapanga kwenye kiwanja juu ya miti, tukayafunika kwa nyasi. Kwa hiyo, mtu akikuuliza, ndiyo: paa letu lilifika kabla ya msingi.

*

Fundi alianza kuchimba msingi. Mchikichi mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa umesimama mahali pa chumba cha nne, kile cha mdogo wangu. Nilichukua shoka nikaukata. Sikufikiri mara mbili. Na kwa kuwa mchikichi ulioangushwa unatoa pombe, niliufungua shingoni kama nilivyojifunza, nikaweka chungu, na baada ya siku chache tulikuwa na pombe tamu kila asubuhi na kali kila jioni. Majirani walikuja na vikombe vyao. Walisifu pombe, walisifu msingi, walimsifu mdogo wangu. Hakuna aliyesema neno lingine.

Wiki ikapita. Siku moja mchana akatokea mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, amefunga kitenge kifuani, kikapu kitupu kichwani na panga mkononi. Alisimama kwenye kona ya kiwanja akauangalia mchikichi uliolala.

"Nani amekata muti yangu?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Bado najiuliza kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani ni kwa sababu alikuwa na jasho.

"Mimi, mama," nikasema. "Karibu. Pombe iko bado."

Nikampa kikombe. Akakipokea, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo, akanirudishia.

"Ni ya kwangu," akasema. "Ninajua utamu yake."

Kisha akaweka kikapu chini, akakaa juu ya msingi wa chumba cha nne, akanyoosha miguu. Fundi akafuta mwiko wake kwa nyasi na kuuweka mfukoni.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Mimi siwekaki tofali juu ya maneno."

Mama yule alikuwa mjane wa mdogo wake yule mzee aliyetuuzia. Aliingia kwenye boma lile akiwa bibi harusi, akapanda michikichi ile mitatu kwa mikono yake. Mume alikufa, naye akahamia mtaa wa pili, lakini kila msimu alirudi kukata mikungu yake na kukamua mawese. Wiki zile alikuwa Nyangwe, binti yake amejifungua.

Tulikimbilia kwa shefu wa mtaa, mdogo wangu akiwa na karatasi ndani ya daftari. Shefu aliisoma tena yote.

"Karatasi yenu iko sawa," akasema. "Inasema kiwanja. Munaona ndani neno muchikichi?"

"Hapana, shefu."

"Basi. Kiwanja ni chenu. Muti ni ya mwenye kuipanda. Mutajenga siku yeye atasema mujenge."

"Lakini juu ya nini hukutuambia?" mdogo wangu akauliza.

Shefu alishangaa kweli. "Mulisema munatoka Kabambare. Kule hakuna michikichi?"

Majirani walituambia vilevile. Walipoona naukata, na pombe inatoka, na mimi nacheka, walijua tumekwisha kuongea naye. Mtu gani mwenye akili angekata bila kuongea?

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu walikuwa na haki. Kijijini kwetu sheria ni ileile. Ardhi ina mtu wake na mti una mtu wake, na mtoto wa miaka sita atakuonyesha mchikichi wa nani ni upi. Ndiyo maana hakuna anayeuliza. Nilikuwa nimekulia mahali ambapo swali hilo halipo, kwa hiyo kati ya maswali yote niliyomuuliza yule mzee, hilo halikunijia. Na mdogo wangu naye aliona karatasi, muhuri, mji, akadhani mambo ya mji yanaishia kwenye karatasi.

*

Zilibaki wiki tatu chuo kifunguliwe. Mvua za kwanza zikaanza kunyesha juu ya nyasi zilizofunika mabati.

Nilimpelekea mama yule feza kidogo niliyokopa kwa shangazi. Alikuwa bado anakuja kila siku na kukaa juu ya msingi, akichambua mboga zake.

"Feza itaisha siku ya soko," akasema, bila kuinua macho.

Nikampelekea kuku wawili, nikamwahidi mbuzi.

"Mbuzi inatoaka mafuta?"

Kisha habari ikafika Kabambare, maana pikipiki zinabeba maneno kuliko mizigo. Mtu wa chumvi alituma ujumbe kupitia dereva: ameisikia hadithi ya mchikichi, ameshaandaa kamba. Wale wasichana watatu wakaacha kuimba. Mdogo wangu alikaa siku nzima kwenye baraza la shangazi, daftari limefungwa magotini. Sikuwa nimewahi kumwona na daftari lililofungwa.

"Kama nitarudi Kabambare," akasema, "nitarudi namna gani? Nitapita mbele ya ile duka namna gani?"

Kesho yake asubuhi aliondoka bila kuniambia anaenda wapi.

Alienda kwa mama. Hakubeba feza wala kuku. Alikuta mama anatoa mikungu jikoni, akakunja mikono ya nguo, akaanza kuchambua matunda pamoja naye. Mama hakumfukuza. Walichemsha, wakatwanga, wakakamua. Siku ya pili akarudi. Siku ya tatu nami nikaenda, kwanza kwa kumfuata, halafu kwa sababu nilitaka kujua wanakamua kwa njia gani. Nilimkuta mdogo wangu amekuwa mwekundu mpaka viwikoni, na mama anamhoji.

"Kule chuo munasoma nini?"

"Kilimo, mama."

"Kilimo!" Mama aliweka mti wa kutwangia chini ili acheke vizuri. "Kilimo! Na muchikichi munausoma?"

"Tunausoma. Una jina ya kitabu." Akalitaja, jina refu la kigeni.

"Jina murefu hivyo," mama akasema, "na mulimukata bila kumusalimia."

Mdogo wangu akacheka, ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile, kisha akaanza kulia, vyote kwa pamoja, akijifuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Akamweleza mama kila kitu: mjomba, mwaka wa tatu, mabati ya watu, kamba. Mama alisikiliza huku akikoroga. Alipomaliza, mama akamuuliza, "Kumbe nyumba ni ya wewe kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilifikiri ni ya huyu." Akaninyooshea kijiko. "Nikasema huyu mutu wa pikipiki atajenga, atauza, ataenda. Macho yake haikaaki pahali moja."

Kisha akatoa masharti yake, akikoroga bado. Michikichi miwili iliyobaki haitaguswa, na njia ya kuiendea haitafungwa kamwe, hata nyumba ikipata mwenye mwingine. Atajengewa kibanda nyuma cha kuchemshia ngazi, yaani matunda ya michikichi yake, kwa sababu jiko lake lilikuwa linavuja na amechoka kubeba mikungu mtaa wa pili. Na mchikichi mwingine utapandwa badala ya ule niliokata.

"Nitapanda leo," nikasema.

"Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Utautunza. Wewe, siyo huyu binti. Huyu atasoma. Utapalilia, utamwagilia wakati wa jua, utafukuza mbuzi. Mpaka uzae."

"Unazaa baada ya wakati gani?"

Mama akamgeukia mdogo wangu. "Mutu wa kilimo, mujibu."

"Miaka mine," mdogo wangu akasema, bila kuniangalia. "Mitano."

Sikuwa nimekaa mahali popote miezi mitano tangu nilipoacha shule. Nilifikiria mitumbwi ya Nyangwe, na kule mbele ya Nyangwe, na watu wote ambao walikuwa wanafanya mambo ambayo sijayaona.

"Na kama nitasafiri, mama?"

"Safiri. Lakini muti ikikauka, nitakuja kukaa ndani ya kile chumba, hata kama kitanda iko ndani."

Mdogo wangu hakuniomba. Kama angeniomba, pengine ningepata la kujitetea. Alirudi kukamua tu, ameinamisha kichwa, akingoja. Nikasema ndiyo.

*

Mama alikuja kiwanjani siku hiyohiyo akamwambia fundi aanze. Tulibadilisha mchoro: chumba cha nne kikahamia pembeni, nyumba ikapinda kona, na njia ya michikichi ikapita katikati ya ua. Fundi aliona nyumba iliyopinda ni aibu kwa jina lake mpaka mama alipomuuliza kama mke wake amenyooka. Niliupanda mche mbele ya mashahidi. Mama alipima shimo kwa mkono wake, akanifanya nilichimbe tena.

Wiki mbili zilizobaki tulifanya kazi kama siafu. Wasichana watatu walibeba tofali kwa kichwa, mimi nilichanganya udongo, fundi alipandisha kuta, na mama alipika maharage kwa mawese katika kibanda ambacho kilikuwa na miti minne tu na hakina paa. Nilijifunza kupiga bati: usipige msumari bondeni mwa bati, piga mgongoni, la sivyo maji yanaingia. Nilimuuliza fundi kwa nini watu wengine wanapiga bondeni. "Wanauza nyumba mbele ya mvua kuanguka," akasema.

Siku ya kufungua chuo, asubuhi, pikipiki ya kukodi ilisimama mbele ya nyumba na mtu wa chumvi akashuka, kamba mpya begani. Hakusalimia. Alizunguka nyumba mara mbili, akiangalia juu. Kutoka nje alama zake hazikuonekana, tulikuwa tumezigeuzia ndani. Akaingia vyumbani, kimoja baada ya kingine, akiinua uso. Kwenye chumba cha pili akasimama. Juu yake ulikuwa mstari wa rangi nyekundu, bati baada ya bati, na chini yake binti yake alikuwa bado amelala, mdomo wazi, amechoka na kazi ya jana.

Akatoka polepole ili asimwamshe.

"Hapana dari?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Mwaka ujao, baba."

"Na mvua ikipiga, atasomaka namna gani na ile kelele?" Lakini alikuwa ameshavua kamba begani. Aliitumia kushusha gunia la mpunga kutoka kwenye pikipiki, na wazazi wengine, siku ile na iliyofuata, wakaleta yao. Hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya miezi ya kwanza. Mdogo wangu alibaki na gunia moja la kula, mengine akamuuzia mnunuzi wa mchele aliyekuwa anapakia gari la Kindu.

Akaenda chuoni na feza ile akiwa amevaa shati lake lililopigwa pasi kwa makaa. Alikaa huko mpaka mchana. Mimi nilikuwa napasua kuni nyuma ya nyumba, nikijaribu kutofikiri kwamba labda wamefunga orodha, labda kuna karatasi nyingine inayotakiwa. Mama alikuwa mlangoni pa chumba cha mdogo wangu, amekaa na beseni lake la matunda, akichambua. Niliona anachambua matunda yaleyale mara mbili.

Mdogo wangu akaja kwa miguu, anatembea haraka, karatasi mkononi. Mama akanyoosha mkono kabla yangu. Hakujua kusoma, lakini aliishika kwa ncha za vidole asiichafue kwa mafuta, akauangalia muhuri kwa muda mrefu.

"Inasema nini?"

"Inasema ninaingia mwaka wa tatu, mama."

"Basi ingia," mama akasema, akasogeza beseni ili mlango uwe wazi. "Chakula iko mezani. Inapoa."